Mtoto wa Mbunge wa Pipa

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Njiti alikuwa akimsaidia mama yake kufungua kibanda. Mama yake alikuwa fundi baiskeli. Kibanda kilikuwa cha mabati, mbele ya chumba walichopanga, na kazi ya asubuhi ilikuwa na mpango wake. Njiti anajaza maji kwenye beseni, mama anatoa benchi na boksi la spana, kisha wote wawili wanatundika matairi ukutani ili mpita njia ajue kuwa fundi yupo. Mteja akileta mpira uliotoboka, mama huujaza upepo na kuuzamisha ndani ya beseni, na Njiti hutafuta mahali panapotoa mapovu.

"Hapa, mama."

"Wapi?"

"Hapa panapochemka."

Mama anatia alama, anasugua, anapaka gundi, anabandika kiraka. Kazi hiyo mama aliirithi kwa baba yake Njiti, alipofariki. Mwanzoni wanaume walikuwa wakipita na baiskeli zao mbovu mpaka mtaa wa pili, eti mwanamke hawezi kunyoosha gurudumu. Baadaye walirudi wenyewe, mmoja mmoja, wakijikohoza. Mama hakuwacheka. Aliwacheka na Njiti jioni, mlango ukishafungwa.

Hawa wawili walikuwa wakiongea kutwa. Waliongea kazini, waliongea jikoni, waliongea taa ikiwa imezimwa. Njiti, aliyeitwa hivyo kwa wembamba wake, hakuwa na ndugu wa kuzaliwa naye. Mama ndiye aliyekuwa dada, kaka na shoga.

Sasa, katika nchi yao watu walikuwa wameacha kuchagua wabunge. Njiti hakuyaona mambo ya zamani, lakini shangazi yake alimsimulia: magari ya vipaza sauti, picha zimebandikwa mpaka kwenye milango ya vyoo, wagombea wanabeba watoto wenye makamasi ili wapigwe picha, na wakishapata kiti, ukiwapungia mkono barabarani wanapandisha kioo. Watu wakachoka. Ikatungwa sheria kwamba mbunge apatikane kwa bahati. Majina ya watu wazima wote wa wilaya yanatiwa kwenye pipa kubwa, pipa linazungushwa uwanjani mbele ya watu, na anayetoka ndiye mbunge. Atakaa mwaka mmoja, kisha atarudi kwenye kazi yake. Watu waliwaita wabunge wa pipa.

"Zamani tulimchagua mwizi na kumpigia makofi," shangazi alikuwa akisema. "Siku hizi akitokea mwizi, angalau viganja vyetu vimepumzika."

Siku jina la mama lilipotoka, redio ilikuwa imewashwa kibandani na mama alikuwa na gundi mikononi. Mtangazaji alisoma jina, akataja na kazi: fundi baiskeli. Mteja aliyekuwa anasubiri akainua kichwa.

"Fundi, si wewe huyo?"

"Majina yanafanana," mama akasema, akaendelea kusugua mpira.

Mtangazaji akarudia, akataja na mtaa. Mama akaweka mpira chini. Yule mteja akavua kofia. "Basi, mheshimiwa," akasema, "kabla hujaapishwa nimalizie breki yangu."

Jioni ile Njiti alimuuliza mama kama hawezi kukataa.

"Naweza, nikiwa mgonjwa. Na mimi siumwi."

"Sema tu hutaki."

"Mwanangu, wasiotaka wote tukikataa, watabaki wanaotaka sana. Na hao ndio tuliowakimbia." Mama alisema hivyo, lakini alikuwa ameshika kikombe kitupu kwa muda mrefu bila kukiweka chini.

Bunge lilikuwa katika mji mwingine. Mama angeondoka kwa treni kila Jumapili mchana na kurudi Jumamosi. Shangazi, dada yake marehemu baba, akahamia kwao ili mtoto asiwe peke yake. Shangazi alikuwa mfuaji wa mashuka ya hospitali, na zamu yake ilikuwa ya usiku. Alirudi alfajiri, mikono imekunjamana kwa maji na sabuni, akamwekea Njiti chai, akalala. Njiti akitoka shule alimkuta bado amelala, uso ameuelekeza ukutani. Alitembea kwa ncha za vidole. Alikula chakula kilichofunikwa sahani, akaosha sahani polepole isigonge kitu. Shangazi aliamka jua likizama, akajifunga kanga, akauliza, "Umesoma?" na kwenda kazini. Jirani wa chumba cha pili aliombwa amtegee mtoto sikio usiku. Nyumba ilikuwa na mtu, lakini haikuwa na mtu wa kumjibu.

Kibanda kilifungwa. Watu wenye baiskeli walirudi mtaa wa pili.

Shuleni nako kulibadilika. Jirani yake wa dawati, mvulana waliyemwita Goti kwa sababu suruali zake zote zilitoboka mahali hapo, alianza kwa utani. "Mheshimiwa Njiti, nipitishie sheria kesho tusije." Wote walicheka, na Njiti akacheka. Lakini utani ukiota mizizi hugeuka kitu kingine. Akipata alama nzuri, walisema mwalimu anamwogopa mama yake. Akinyoosha mkono, mtu alinong'ona, "Bunge limesimama." Akaacha kunyoosha mkono. Wakati wa mapumziko alisimama karibu na bomba, akijifanya anasubiri maji.

Mama alipiga simu jioni, shangazi akiwa anajiandaa kutoka.

"Umekula?"

"Nimekula."

"Shule?"

"Nzuri."

"Mbona sauti yako ndogo?"

"Ni simu hii."

Shangazi alikuwa amemwambia, tena kwa nia njema kabisa, "Usimtie mama yako wasiwasi. Ana kazi ya watu wengi." Basi Njiti akanyamaza. Akanyamaza mara ya kwanza, akanyamaza ya pili, na kunyamaza kukawa ndiyo mazungumzo yao. Ninyi mnaosoma, shikeni hapa. Mtoto huyu hakuharibikiwa siku aliyosema uongo. Aliharibikiwa siku alizoulizwa hali yake akasema ni nzuri.

Nywele zake zikachakaa. Mama ndiye aliyekuwa akimsuka, na Jumamosi aliyorudi alikuwa na makaratasi ya kusoma na nguo za kufua, na Njiti mwenyewe alisema, "Usijali, mama, nitachana." Siku moja akitoka shule alipita mbele ya saluni ya mtaani, ile yenye vichwa vya wanawake vilivyochorwa mlangoni. Msusi alikuwa amesimama kizingitini na kitana mkononi.

"We Njiti. Hicho kichwa kimelala wapi?"

"Nyumbani, anti."

"Nyumbani chini ya meza. Njoo."

"Sina hela, anti."

"Nimekutajia hela mimi?"

Akaingia. Saluni ilinuka mafuta ya nazi na nywele zilizoungua kidogo. Kulikuwa na kioo kilichopasuka pembeni, viti vya plastiki, na wanawake wanaoongea wote kwa pamoja bila mmoja kukosa la mwenzake. Msusi alimkalisha kwenye kigoda katikati ya magoti yake, akamwinamisha kichwa. Vidole vyake vilikuwa vyepesi. Anasuka anauliza, anasuka anacheka. Umesoma nini? Nani anakuudhi? Huyo Goti, mwambie kwanza ashone suruali. Njiti alijisikia machozi yakimjaa, akashukuru kwamba kichwa kilikuwa kimeinama.

Kuanzia hapo alipitia saluni kila siku. Alifagia nywele sakafuni, akapanga vibanio kwa rangi, akasikiliza. Jumamosi mama aliposhika zile nywele akauliza, "Nani kakusuka vizuri hivi?" Njiti akajibu, "Rafiki." Mama akadhani ni mwenzake wa shule, akafurahi sana. Usiku ule alilala usingizi mzuri, maskini.

Mume wa Msusi alikuwa msimamizi katika kiwanda cha ngozi, kule mto unapoingia mjini. Kiwanda kile kilimwaga maji yake machafu mtoni jinsi yalivyo, meusi na yenye povu, na watu wa mitaa ya bondeni waliteka maji mto huohuo. Mwaka ule kulikuwa na muswada bungeni: kiwanda kisafishe maji kabla ya kuyamwaga, la sivyo kifungwe.

"Mama yako anasemaje mambo ya kiwanda?" Msusi aliuliza siku moja, kama mtu anayeuliza kama mvua itanyesha.

"Anasema maji lazima yasafishwe. Anasema watoto wa bondeni wanaumwa matumbo."

Mkono wa Msusi ukasimama kichwani mwake. Kisha ukaendelea.

Siku nyingine alimweleza zaidi. Tajiri wa kiwanda amewatangazia wafanyakazi kwamba sheria ikipita, anafunga na kuondoka. "Mume wangu ana umri gani wa kuanza upya? Hii saluni kodi yake analipa yeye. Tutahama, Njiti. Utapita hapa utakuta kufuli." Wala hakuwa anaigiza. Macho yake yalikuwa mekundu. Njiti akatazama kile kigoda, akatazama kufuli lililoning'inia kwenye msumari.

Hapo lazima niwaeleze desturi moja ya lile bunge. Kabla ya kupiga kura kubwa, wabunge wa pipa walikaa juma la ukimya. Hawakutoka nje, hawakupokea wageni, simu zao ziliwekwa kwa mlinzi wa mlango, ili kila mmoja afikiri kwa kichwa chake. Jambo moja tu lilipenya: habari ya ugonjwa au msiba. Mbunge akiitwa kwa hilo alitoka, na kiti chake kilibaki kitupu, kwa kuwa aliyetolewa na pipa hana wa kumshikia nafasi. Msusi aliijua desturi hiyo. Alikuwa ameambiwa na mumewe, na mumewe naye aliambiwa na tajiri. Aliambiwa pia kwamba wabunge wamegawanyika karibu nusu kwa nusu.

Jumatano ya juma la ukimya la muswada ule, saluni haikuwa na wateja. Msusi alifunga nusu ya mlango.

"Sikuombi umwambie mama apige kura hivi au vile," alisema. "Aje tu nyumbani. Mimi nitapiga namba ya mlangoni, wewe utasema unatapika. Basi."

"Huo ni uongo, anti."

"Uongo gani wa kumrudisha mama kwa mtoto wake? Kwani wewe humtaki?"

Njiti alimtaka. Alimtaka tangu siku treni ya kwanza ilipoondoka. Ndiyo maana nasema muwe macho, watoto. Mtu anayekutega hatakuletea kitu usichokitaka.

Msusi akapiga namba, akamkabidhi Njiti simu. Sauti nzito ikasema, "Mlangoni, Bunge."

"Shikamoo. Mimi ni mtoto wa... wa yule fundi baiskeli."

"Marahaba, mwanangu. Kuna nini?"

Njiti alimtazama Msusi. Msusi alitazama sakafu. "Naumwa tumbo," Njiti akasema. "Natapika."

"Pole, mwanangu. Lala chini. Mama anakuja sasa hivi."

Ile "pole" ilimkaa kifuani mpaka akafika nyumbani.

Mama alifika kabla jua halijazama. Hakusubiri treni, alipanda lori la saruji, na vumbi lilikuwa limemjaa mpaka kope. Aliingia bila kubisha, akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika Njiti paji la uso, shingo, tumbo. "Umekunywa maji ya wapi? Nionyeshe ulipotapika. Tangu lini?" Maswali yalitoka yamegongana.

Shangazi akaamka kwenye mkeka, kanga imemkaa upande. "Kuna nini, wifi?"

"Wifi, mtoto anatapika hapa pembeni yako, na wewe umelala?"

Shangazi alimtazama Njiti, akamtazama mama. "Naapa sikusikia," akasema. "Wifi, mimi sikusikia kitu." Hakujitetea zaidi. Alikaa kwenye mkeka na kulia kama mtu anayeamini kwamba amefanya kosa.

Njiti akavuta shuka mpaka puani.

Mama akambeba mgongoni mpaka zahanati, mtoto mkubwa hivyo, miguu inaning'inia. Ndani kulikuwa na benchi moja refu lililojaa watu. Mwishoni mwa benchi alikaa Goti, na pembeni yake mama yake amempakata mdogo wao wa kike. Yule mtoto alikuwa amelegea kama nguo iliyoloa. Midomo ilikuwa imekauka. Macho yalikuwa wazi lakini hayakutazama kitu. Kumbe Goti alikaa bondeni. Njiti alikaa naye dawati moja na hakuwahi kumuuliza.

Muuguzi akatoa kichwa. Alipomwona mama, akasimama wima. "Mheshimiwa, karibu, ingia moja kwa moja."

Mama yake Goti hakulalamika. Alisogeza magoti ili wapite. Goti naye hakutania. Alimtazama Njiti usoni, akiwa amemshika mdogo wake kidole cha mguu.

"Mama," Njiti akasema mgongoni kule. "Nishushe. Siumwi."

"Umesemaje?"

"Siumwi. Sikutapika. Nilidanganya."

Mama alimshusha taratibu. Akamgeukia muuguzi, akasema, "Mchukue huyu wa mwisho, haraka. Huyu wangu ni mzima." Kisha akamshika Njiti mkono, akatoka naye, wakakaa kwenye ngazi za nje.

Mama hakumpiga. Alimfuta shavuni vumbi la saruji lililomshika alipobebwa.

"Nani kakufundisha?"

Njiti akatikisa kichwa.

"Njiti. Nimeuliza."

"Nikisema sitakuwa na pa kwenda tena."

"Pa kwenda?" Mama akamgeukia. "Nyumbani si pako?"

"Nyumbani hakuna mtu, mama."

Mama alifunika uso kwa viganja vyenye vumbi la saruji. Alipoviondoa, machozi yalikuwa yamechora njia mashavuni. "Mimi kila siku nakuuliza," alisema. "Kila siku unaniambia nzuri." Kisha Njiti akamwambia yote, kuanzia kigoda mpaka simu.

Waliporudi, Njiti alikwenda moja kwa moja kwenye mkeka wa shangazi, akapiga magoti. "Shangazi, hukulala vibaya. Mimi sikutapika." Shangazi akajifunga kanga, akasema tu, "Nimechelewa kazini," akatoka. Njiti alistahili hilo, na alijua.

Asubuhi yake mama alipanda naye treni ya kwanza. Kura ilikuwa mchana ule. Mlangoni pa Bunge mlinzi, mzee mwenye koti kubwa kuliko yeye, akainua mkono.

"Samahani, fundi. Aliyetoka juma la ukimya harudi ndani mpaka Bunge lenyewe limkubali. Ulitoka kwa ajili ya mgonjwa. Una cheti cha daktari?"

"Sina cheti," mama akasema. "Nimemleta mgonjwa mwenyewe. Ugonjwa wake atausema yeye."

Wakaingizwa ukumbini. Njiti alitarajia kuona watu wenye tai na matumbo. Aliona watu kama wa sokoni: mwenye mikono ya chokaa, mama aliyevaa ndala, mwalimu, kijana mwenye sare ya dereva. Spika naye alitolewa na pipa. Kwao alikuwa muuza nyama, na mikono yake mikubwa ilikaa juu ya meza kama vitu alivyosahau kuvirudisha buchani.

"Karibu mbele, binti," akasema. "Sema. Hapa hakuna anayejua zaidi ya mwenzake."

Njiti aligeuka kumtazama mama. Mama hakumsaidia hata kwa kope. Njiti alisimama peke yake katikati ya sakafu pana, na kweli hakuwahi kuwa peke yake kama hapo. Akasema. Alisema hakutapika. Alisema alipiga simu ili mama aondoke.

"Nani alikutuma?"

"Msusi wa mtaani kwetu. Lakini yeye aliogopa mumewe asije akakosa kazi. Na hakunilazimisha." Akashika ncha ya msuko wake. "Alikuwa ananisuka. Nilitaka awepo mtu. Na nilitaka mama arudi. Kwa hiyo si yeye peke yake."

Kisha bibi mmoja wa mstari wa nyuma akasimama, akishikilia kiti. "Wajukuu zangu wana viatu vipya," akasema. "Wameniambia wamepewa na mjomba. Sasa najiuliza, mjomba yupi, maana mimi sikuzaa mtoto wa kiume."

Wengine wakacheka, wakakatisha kicheko. Kijana mwenye sare ya dereva akainuka. "Mwanangu amepata rafiki mtu mzima anayempeleka kuangalia mpira. Nilidhani ni bahati." Akaketi, akashika kichwa. Akainuka mwingine. Akainuka na mwingine.

Spika alisikiliza mpaka wa mwisho. "Tulifunga milango yetu," akasema, "tukasahau ile tuliyoiacha nyumbani."

Walimkubalia mama kuingia. Kabla ya kura, yeye mwenyewe aliomba kuongeza kifungu: kiwanda kipewe muda wa kujenga mabwawa ya kusafishia maji, na tajiri asimfukuze mfanyakazi yeyote kwa sababu ya sheria hiyo. Alisema amelala akimfikiria mtu aliyemdanganya mwanawe, na hata akiwa na hasira ameona kwamba woga wa mtu yule ulikuwa wa kweli. Sheria ikapita, na kifungu chake. Wakaamua pia kwamba simu ya mlangoni iwe wazi kila jioni kwa mtoto yeyote wa mbunge, hata juma la ukimya, hata kama hana la kusema.

Mabwawa yalichimbwa, na mume wa Msusi ndiye aliyesimamia uchimbaji. Mdogo wake Goti alipona, akarudi kula udongo kama kawaida yake. Msusi aliitwa na viongozi wa mtaa, akaonywa. Saluni haikufungwa. Njiti akipita husema, "Shikamoo, anti," na Msusi hujibu, "Marahaba," bila kuinua macho kutoka kwenye kichwa anachosuka. Wako wanaodhani ukisema kweli mambo hurudi kama yalivyokuwa. Mengine hayarudi.

Lakini hayo yalikuja baadaye. Siku ile ya kura, mama alibaki bungeni kumaliza juma, na aliyekuja kumchukua Njiti kwenye stesheni ya mji ule wa Bunge alikuwa shangazi. Alitoka kazini moja kwa moja, akapanda treni. Walikaa wakitazamana, mabehewa yakigonga reli.

"Mimi nilikuambia usimtie mama yako wasiwasi," shangazi akasema mwishowe. "Nilikosea kukuambia hivyo, na wewe ulikosea kunisingizia usingizi. Tusamehane, halafu unisikilize."

"Naam, shangazi."

"Mama yako hana chama. Hana tajiri aliyemweka pale, hadaiwi kura na mtu. Mtu akitaka kumshika, atamshika wapi?"

Njiti alifikiri. "Kwangu."

"Kwako. Kwa hiyo wewe si mtoto tu anayesubiri mama arudi. Wewe ni mlango. Na mlango haufunguliwi na kila anayebisha vizuri." Akamwekea mkono gotini. "Sasa sikia jingine. Upweke si kosa, mwanangu. Ni kama njaa. Mwenye njaa haoni aibu kusema nyumbani kwao kwamba ana njaa. Akificha, atakula kwa jirani, na siku moja jirani atamtaka alipe. Ukiwa mpweke, sema. Sema kwetu kwanza, hata ukiona tumechoka. Uniamshe. Ukweli ukiusema mapema unamsumbua mtu mmoja. Ukichelewa unasumbua nchi."

Njiti aliitikia kwa kichwa. Nje mashamba yalipita, na nyumba zenye taa ambazo watu wake hakuwajua.

"Basi niambie," shangazi akasema.

"Nini?"

"Hizo siku zote ulizosema ni nzuri. Zilikuwaje?"

Njiti hakujua pa kuanzia. Alitazama nje tena, akatazama mikono yake. Kisha akaanza na lile bomba la shuleni, jinsi alivyokuwa akisimama pale bila kiu, na shangazi akasogea karibu ili asikose neno.